Okapi, Opinel, Victorinox au Douk-Douk: kisu kipi cha kukunja kinamfaa mkusanyaji wa Mtwara na Lindi

Mtu anayeishi Mikindani, nyumba yake ikiwa hatua chache kutoka majini, hawezi kuchagua kisu cha kukunja kwa vigezo vilevile anavyovitumia mkazi wa Njombe. Hewa ya pwani yetu ina chumvi mwaka mzima, na kati ya Desemba na Aprili, mvua zinapokuwa zimekolea, unyevu huingia hata ndani ya kabati lililofungwa kwa ufunguo. Kisu kilichowekwa humo kikiwa kinang'aa kinaweza kutolewa baada ya wiki tatu kikiwa na madoa ya rangi ya tofali, na doa lililokwisha kula chuma haliondoki bila kuondoka na sehemu ya chuma chenyewe. Maelezo mengi ya ukusanyaji wa visu yameandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao hofu yao kubwa ni mpini wa mfupa kupasuka kwa ukavu wa nyumba zinazopashwa moto. Sisi hofu yetu ni nyingine.

Ulinganisho huu unahusu visu vinne vya jadi ambavyo bado vinatengenezwa, na ambavyo mtu wa Mtwara au Lindi anaweza kuvipata kwa kuagiza au kwa kumtuma ndugu anayesafiri. Navyo ni Okapi, Opinel ya Ufaransa, Victorinox ya Uswisi yenye mpini wa alumini, na Douk-Douk, ambayo nayo ni ya Ufaransa. Nimekaa na kila kimoja kwa zaidi ya miaka minne, nikivitumia na kuviharibu kwa viwango tofauti. Kwa bei ya kisu kipya, Okapi ndiyo rahisi kuliko vyote na Victorinox ya alumini ndiyo ghali zaidi. Opinel na Douk-Douk hukaa katikati. Hata hivyo, bei ni jambo dogo. Jambo kubwa ni kiasi cha uangalizi ambacho mnunuzi yuko tayari kukitoa, kwa sababu katika hewa yetu kila kisu kina mahali pake pa kushambuliwa, na anayenunua bila kupajua mahali hapo atapajua baadaye.

Okapi

Naanza na Okapi kwa kuwa ndicho kisu pekee kati ya hivi vinne chenye historia ya moja kwa moja na nchi yetu. Visu hivi vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, mwaka mmoja baada ya mnyama okapi wa misitu ya Kongo kutambuliwa rasmi na wanasayansi, na vilikusudiwa kuuzwa katika makoloni ya Ujerumani barani Afrika. Wakati huo Lindi ilikuwa makao ya wilaya chini ya utawala huo, na boma la Mikindani, ambalo hadi leo limesimama kilimani likiitazama ghuba, lilikuwa na umri wa miaka saba. Mwishoni mwa miaka ya 1980 utengenezaji ulihamia Afrika Kusini, na huko ndiko visu hivi vinakotoka sasa.

Okapi ya kwanza niliyoishika ilikuwa ya mjomba wangu. Kwetu Wamakonde mjomba ana neno kubwa katika ukoo, na alipofariki, vitu vyake vidogo tuligawana sisi wapwa. Mimi niliangukia redio isiyosema na kisu. Mpini wake ni wa mbao ya kahawia iliyopakwa vanishi, na umepachikwa vipande vidogo vya bati vyenye umbo la mwezi mwandamo na nyota. Bapa ni jembamba, limepinda kidogo kuelekea nchani. Mgongoni kuna springi yenye pete, na kisu kinapofunguliwa, meno yaliyochongwa kwenye kitako cha bapa hupita chini ya springi hiyo moja baada ya jingine na kutoa mlio wa ka-ka-ka-ka. Ili kukifunga, lazima pete ivutwe juu. Mlio huo ndio fahari ya Okapi na ndio aibu yake pia, kwa maana mtaani kisu hiki kinajulikana zaidi kuwa silaha ya vibaka kuliko kifaa cha kumenyea chungwa, na anayekifungua sokoni kwa mbwembwe asishangae akiona watu wanasogea pembeni.

Chuma cha Okapi ni cha kaboni, cha ugumu wa kadiri. Hunoleka haraka mno, pengine kwa dakika tano juu ya kinoo cha kawaida, lakini makali yake hayadumu na kutu huishika bila hiana. Mahali pake pa kushambuliwa hapako kwenye bapa, ambalo unaliona kila siku. Pako pale springi inapolala juu ya mbao: jasho la mkono na unyevu hukwama hapo, chuma huvimba kwa kutu, na mbao huanza kuinuka taratibu hadi ribiti moja inalegea. Kile cha mjomba kilikuwa kimefikia hatua hiyo. Bapa lilikuwa likicheza kushoto na kulia kama jino la mtoto. Fundi wa baiskeli alilaza ribiti juu ya kichwa cha nyundo kilichobanwa kwenye jiliwa, akaigonga kichwa kwa nyundo ndogo mara sita au saba huku akilijaribu bapa kila baada ya pigo, na kisu kikatulia. Kuigonga ribiti zaidi ya hapo kungelifanya bapa likatae kufunguka, na kulilegeza bapa lililobanwa kwa nyundo ni kazi ngumu kuliko kulibana.

Kwa mkusanyaji, Okapi ina upungufu mmoja: mihuri yake haikuwekwa kwa utaratibu unaomwezesha mtu kusema kwa hakika kisu fulani ni cha mwaka gani. Anachoweza kutofautisha kwa urahisi ni kisu chenye alama ya Ujerumani na kile cha Afrika Kusini, na tofauti hiyo peke yake inatosha kuupa mkusanyo wa mtu wa Kusini uti wa mgongo. Visu vya Ujerumani vipo bado katika visanduku vya wazee. Tatizo ni kwamba vingi vimenolewa kwa miaka arobaini juu ya ngazi za saruji, na bapa limebaki jembamba kama jani la mnazi.

Opinel

Joseph Opinel, mtoto wa mhunzi wa Savoie katika milima ya Ufaransa, alianza kutengeneza kisu chake mwaka 1890, na mwaka 1897 akavipanga visu vyake kwa namba kuanzia 1 hadi 12. Namba 1 na namba 11 ziliachwa baadaye. Alama ya mkono wenye taji ilianza kutumika mwaka 1909, na pete ya chuma inayozungushwa shingoni mwa mpini ili bapa lisikunjikie vidole ilibuniwa mwaka 1955. Tarehe hizi ni za manufaa kwa mkusanyaji, kwa sababu Opinel isiyo na pete ambayo si ya saizi ndogo sana inapaswa kumfanya aiangalie mara ya pili. Namba 8, ambayo ndiyo maarufu kuliko zote, ina bapa la sentimita 8.5 na uzito mdogo kiasi kwamba mfuko wa shati hauhisi.

Muundo wake ni wa vipande vichache: mpini wa mti mmoja uliopasuliwa mfereji, bapa, ribiti, na pete mbili, moja iliyokaza na moja inayozunguka. Hakuna springi. Bapa linashikiliwa na msuguano wa mbao peke yake, na hapo ndipo pwani inapoiadhibu Opinel. Mbao ya kawaida ya mpini huo ni ya mti wa Ulaya unaojulikana kitaalamu kwa jina la Fagus sylvatica, ambao hunywa unyevu na kuvimba. Januari moja nilikaa barazani na sahani ya maembe, nikaingiza ukucha kwenye mfuo wa bapa, na bapa halikutoka. Nilivuta hadi ukucha ukapinduka. Watu wa Savoie wana dawa yao ya jadi, ambayo ni kugonga kisigino cha mpini juu ya meza ili bapa lichomoze ncha, na dawa hiyo husaidia. Lakini kisu kinachohitaji kugongwa meza kila unapotaka kumenya embe hakijapona.

Tiba ya kweli huchukua wiki moja. Kisu hukaushwa kivulini penye upepo kwa siku kadhaa, kisha kipande cha msasa laini hukunjwa na kupitishwa ndani ya mfereji upande huu na upande huu mpaka bapa lipite bila kusugua sana, na mwisho mpini mzima pamoja na ndani ya mfereji hunyweshwa mafuta ya kitani yanayouzwa katika maduka ya rangi, mara tatu au nne, kila mara yakiachwa yakauke kabla ya kupakwa mengine. Hapa niseme neno la pembeni: kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani kisikunjwe na kutupwa kwenye ndoo ya takataka, kwa kuwa mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjamana kinaweza kujiwasha chenyewe. Kitandazwe nje penye hewa au kiloweshwe maji.

Opinel huuzwa kwa aina mbili za bapa, ya kaboni na ya chuma kisichoshika kutu kwa urahisi. Wengi hudhani wakinunua aina ya pili wameikwepa pwani. Wamekwepa nusu yake. Bapa litabaki jeupe, lakini mpini ni uleule na utavimba vilevile, kwa hiyo dawa ya msasa na mafuta inazihusu zote mbili.

Victorinox

Hapa sina mengi ya kulalamikia, na labda ndiyo sababu kisu hiki hakinisisimui kama vingine. Karl Elsener alifungua karakana yake Ibach, Uswisi, mwaka 1884, akaanza kulipatia jeshi la nchi hiyo visu mwaka 1891, na kile kisu cha afisa chenye zana nyingi, ambacho dunia nzima inakijua kwa mpini wake mwekundu, alikisajili mwaka 1897. Jina la kampuni lina kisa kinachotuhusu: Victoria lilikuwa jina la mama yake, aliyefariki mwaka 1909, na mwaka 1921 likaongezewa inox, kifupi cha Kifaransa cha chuma kisichoshika kutu.

Kwa pwani napendekeza aina ya mpini wa alumini uliofinyangwa vijidoa, yenye urefu wa milimita 93, badala ya ile nyekundu ya plastiki. Alumini hiyo haivimbi, haipasuki, haimenyeki vanishi, na huoshwa kwa maji ya moto na sabuni bila wasiwasi. Chuma chake hakishiki kutu kwa urahisi na si kigumu sana, hivyo hunoleka bila shida. Springi zake ni za ndani, na mahali pa kushambuliwa ni hapo: vumbi la mfukoni na mchanga wa ufukweni huingia kati ya mabamba yake ya ndani, na kisu huanza kufunguka kwa kukwaruza. Kitumbukize katika bakuli la maji ya uvuguvugu, kikunjue na kukikunja mara kumi ndani ya maji hayo, kikaushe, kisha tia tone moja la mafuta kwenye kila kiungo. Kasoro moja ya kuzingatiwa ni kwamba bapa likiwa wazi halina kizuizi cha kulishikilia. Anayechokonoa kwa ncha linaweza kumkunjikia kidoleni.

Kwa mkusanyaji, hazina ya Victorinox imo katika visu vya askari wa Uswisi vya mwaka 1961, vilivyotolewa jeshini hadi mwaka 2008, ambavyo vina tarakimu mbili za mwaka zilizopigwa chini ya bapa. Mtu anaweza kujiwekea lengo la kutafuta kisu cha mwaka aliozaliwa, na akakitambua mara moja akikiona. Kati ya visu hivi vinne hakuna kingine kinachompa mkusanyaji uhakika wa namna hiyo.

Douk-Douk

Douk-Douk ilianza kutengenezwa mwaka 1929 na kampuni ya Cognet katika mji wa Thiers, ambao ni mji mkuu wa visu wa Ufaransa, na soko lake la kwanza lilikusudiwa kuwa visiwa vya Melanesia. Ndiyo maana mpini wake una mchoro wa mzimu wa visiwani humo. Baadaye kisu hicho kikapendwa sana Afrika Kaskazini. Mpini ni bamba moja la chuma lililokunjwa, bapa ni la kaboni lenye mkunjo kama wa upanga wa Kituruki, na nyuma kuna pete ya kupitishia kamba. Ni kisu chembamba kuliko vyote vinne, na kikiwa mfukoni hukaa kama kitambulisho.

Springi yake ni kali kupita kiasi. Mke wangu alijaribu kukifungua mara moja, akanirudishia na kuchukua kisu cha jikoni. Tena kila sehemu yake ni chuma kinachoshika kutu, bapa, springi na mpini, na upande wa ndani wa bamba lililokunjwa haufikiki kwa kidole wala kwa kitambaa. Niliwahi kukisahau ndani ya mfuko wa suruali iliyolowa maji ya bahari Msimbati, nikakikumbuka kesho yake jioni. Bapa nililisafisha likatakata, lakini unga mwekundu uliendelea kutoka ndani ya mpini kwa miezi, kila nilipokikunjua. Kwa faida yake, Douk-Douk haina mbao ya kuvimba, kwa hiyo inakuwa kinyume kamili cha Opinel yenye bapa jeupe: moja ina chuma salama na mpini dhaifu, nyingine ina mpini usiobadilika umbo na chuma kinachodai mafuta kila wiki.

Viko visu vingine ambavyo msomaji angetarajia kuviona hapa. Laguiole ni kizuri, ila jina hilo ni la kijiji na limetumiwa na watengenezaji wengi wa viwango tofauti sana, kiasi kwamba mnunuzi asiye na uzoefu huuziwa nyuki wa mgongoni, lile pambo la springi yake, badala ya kisu. Visu vya Case vya Marekani vina mfumo mzuri wa nukta za muhuri, ulioanza mwaka 1970 kwa nukta kumi zilizopunguzwa moja kila mwaka, lakini mipini yake mingi ni ya mfupa na kuviagiza hadi huku ni gharama. Visu vya zamani vya Sheffield, ambavyo wazee wachache wa Nachingwea bado wanavyo tangu enzi ya mradi wa karanga, havichaguliwi dukani, vinasubiriwa.

Kaboni na chuma cheupe mbele ya matunda yetu

Njia rahisi ya kuona tofauti ya vyuma hivi ni kukata bibo. Msimu wa korosho unapofika, kuanzia Oktoba, kata bibo moja kwa Okapi na jingine kwa Victorinox, kisha viache visu vyote juu ya meza kwa nusu saa bila kufuta. Victorinox itabaki na utomvu unaonata. Okapi itakuwa nyeusi, na kipande cha bibo kilichobaki kando ya bapa nacho kitakuwa kimepata rangi ya wino, kwa sababu ukakasi wa bibo na chuma vikikutana huzaa rangi hiyo. Embe bichi na ukwaju hufanya kazi kama hiyo kwa upole zaidi, na rangi yake huwa ya kijivu chenye ubluu ndani yake, kama shingo ya njiwa.

Rangi hiyo si kutu, na mkusanyaji anayeisugua akidhani ni uchafu anajirudisha nyuma, kwa kuwa utando huo mweusi hupunguza kasi ya kutu nyekundu. Kipimo chepesi ni kitambaa cheupe chenye mafuta: kikipita juu ya utando hutoka safi au cheusi kidogo, na kikipita juu ya kutu hutoka chekundu. Bapa jipya la kaboni mimi hulichoma ndani ya embe bichi kwa makusudi, nikaliacha humo kwa robo saa, nikaliosha na kulirudia mara mbili. Madoadoa hayawi na mpangilio, na sioni ubaya wake. Hata hivyo, kisu cha kaboni huyapa matunda makali ladha ya chuma, na anayekata ndimu kwa ajili ya wageni atumie kile cheupe. Kwa samaki chochote kinafaa, mradi kisu kioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara baada ya kazi. Hata chuma cheupe hutobolewa na maji ya bahari yakiachwa kukauka juu yake. Korosho yenye ganda isikatwe kwa kisu chochote cha mkusanyo, kwa sababu mafuta ya ganda lake hubabua ngozi na hayana huruma kwa vanishi.

Mafuta yapi

Swali hili ndilo ninaloulizwa zaidi, na nyumba nyingi za Lindi tayari zina majibu matatu jikoni. Mafuta ya ufuta, ambayo mkoa huo unayo kwa wingi, hayafai: yakikaa hewani huganda taratibu na kuwa gundi, na kisu chenye springi hufunguka kama mlango uliopakwa rangi. Mafuta ya nazi ni afadhali, hayadhuru chakula na hupatikana kila mahali, lakini baada ya miezi hutoa harufu ya kuchina na huvuta siafu na mende, kwa hiyo yanafaa kwa kisu kinachotumika na kupakwa upya kila siku mbili tatu. Mafuta ya kupaka ya mgando hukinga vizuri bapa la kisu kinachohifadhiwa, ila hayapenyi kwenye viungo.

Yanayoshinda ni mafuta ya cherehani. Ni mepesi, hayagandi, hayana rangi, na chupa ndogo inatosha mkusanyo wa visu kumi kwa mwaka mzima. Tone moja kwenye kiungo na jingine lililopanguswa kwa kitambaa juu ya bapa vinatosha. Wingi wa mafuta huita vumbi. Kasoro yake ni kwamba hayakutengenezwa kwa ajili ya chakula, hivyo bapa lifutwe kabla ya kumenyea tunda. Mafuta ya watoto yasiyo na manukato mengi ni ndugu yake wa karibu na yanaweza kushika nafasi yake.

Kunoa

Ngazi ya saruji inoe panga, isinoe kisu cha mkusanyo. Kinoo cha pande mbili, ukali upande mmoja na ulaini upande wa pili, kinavitosha visu vyote vinne, bapa likiwa limeinuliwa kama nyuzi 20 kutoka kwenye jiwe, yaani kiasi cha kupitisha sarafu mbili chini ya mgongo wa bapa dogo. Asiye na kinoo ageuze kikombe cha kauri: ile duara ya kitako isiyopakwa king'aro ni jiwe laini la kutosha kurudisha makali ya Okapi au Victorinox kabla ya chai kupoa. Douk-Douk na Opinel ya kaboni hupata makali ya kunyolea nywele za mkono kwa juhudi ndogo. Kisu cha zamani chenye bapa kamili na muhuri unaosomeka kisinolewe kabisa, wala kisipigwe msasa. Mkusanyaji hulipia chuma kilichopo, na muhuri uliosuguliwa haurudi.

Mpini wa mpingo

Mtu wa Mtwara ana nafasi ambayo mkusanyaji wa Paris angeilipia fedha nyingi, nayo ni kupata kipande cha mpingo kutoka kwa mchonga vinyago. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, haunywi unyevu kama mbao ya Ulaya, na ukisuguliwa vizuri hung'aa bila vanishi. Okapi iliyoinuka mbao inaweza kuvishwa mpini wa mpingo na ikawa kisu kizuri kuliko kilivyotoka kiwandani. Sharti ni kuomba kiini cheusi peke yake, kwa kuwa ule weupe wa nje huliwa na wadudu, na kufunika pua wakati wa kusugua, maana vumbi lake huwasha. Opinel haibadilishwi kirahisi kwa sababu mfereji wake unahitaji msumeno mwembamba na mkono usiotetemeka. Niliharibu vipande viwili nikaacha. Na kisu cha Kijerumani chenye mpini wake wa asili, hata ukiwa umechakaa, kiachwe na mpini wake.

Uchaguzi

Anayetaka kisu kimoja cha kukaa mfukoni kila siku, na ambaye anajijua kuwa hana subira ya mafuta wala vitambaa, anunue Victorinox ya alumini na asirudi nyuma. Anayependa kumenya na kukata, aliye tayari kutumia wiki moja kuutayarisha mpini, atapata raha kubwa zaidi kwa Opinel namba 8 ya bapa jeupe, na nikilazimishwa kubaki na kimoja cha kutumia tu, nitabaki na hiyo. Anayeishi juu, Newala au Masasi, mbali na chumvi, anaweza kuchukua Opinel ya kaboni au Douk-Douk bila hofu kubwa. Wa Mikindani, Kilwa Kivinje au Lindi mjini aiache Douk-Douk mpaka awe na mazoea ya kukagua visu vyake kila wiki.

Kwa kuanzisha mkusanyo, hata hivyo, chaguo langu ni Okapi, na iwe mbili: moja mpya ya kujifunzia kunoa, kupaka rangi ya embe na kubadili mpini, na nyingine kuukuu yenye muhuri wa Ujerumani, itakayotafutwa taratibu kwa wazee, kwa heshima na kwa bei ya haki, bila kumficha mzee kwamba wapo wanaozitafuta.

Vyote vihifadhiwe ndani ya bati la biskuti lenye kifuniko kinachobana, kila kisu kikiwa kimefungwa kwa kitambaa cha pamba chenye mafuta kidogo, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyowekwa kwenye maboksi ya viatu. Visiwekwe kwenye ala ya ngozi, kwa kuwa ngozi hutunza unyevu na dawa iliyolainishiwa nayo hula chuma; Okapi ya mjomba ilipata doa lake kubwa ndani ya ala niliyoishonesha mimi mwenyewe kwa mapenzi. Ukisafiri kwa ndege kisu kiingie kwenye mzigo unaokabidhiwa, la sivyo kitabaki mezani kwa wakaguzi. Bati langu hufunguliwa Ijumaa asubuhi. Visu saba, kitambaa kimoja, chini ya dakika kumi na tano, na kile chenye meno hufunguliwa mwisho kwa sababu mlio wake huwaamsha watoto.